Mtazame Mbuzi Wako Kabla ya Kumnunulia Dawa

Mbuzi wa maziwa akionekana mgonjwa hata na mpita njia, ujue ugonjwa umeshamkaa siku kadhaa. Mnyama huyu hujikaza. Atasimama na wenzake, atakwenda kwenye hori kama wao, atang'ata majani mawili matatu, na anayewatupia jicho la haraka asubuhi atasema wote wazima. Siku atakapolala asinyanyuke, safari ya kwenda duka la dawa za mifugo huwa imechelewa, na dawa inayonunuliwa huko mara nyingi ni ya kubahatisha: ya minyoo kwa mbuzi mwenye homa ya mapafu, ya mapafu kwa mbuzi mwenye minyoo.

Ushauri wangu wote umesimama juu ya jambo moja. Kwa mfugaji mwenye mbuzi wawili, watatu au sita, kinachookoa mifugo ni kumkagua kila mmoja kila siku, kisha kurekebisha sakafu, lishe na usafi kabla ya kufikiria sindano. Dawa ina kazi yake, lakini haiwezi kufanya kazi ya fagio, ndoo ya maji safi na macho ya mwenye mali.

Tukumbuke pia asili ya mbuzi hawa. Wale wa Kinorwe waliosambaa Mgeta, kwenye miteremko ya Uluguru mkoani Morogoro, waliletwa nchini miaka ya 1980 kwa juhudi za wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Meru nchini Kenya walipokea Toggenburg, na Nyeri wakajulikana kwa Alpine wa Kijerumani. Toggenburg na Saanen asili yao ni Uswisi. Hawa ni wanyama wa nchi za baridi. Kadiri damu yao inavyozidi, ndivyo maziwa yanavyoongezeka na ndivyo mahitaji yao yanavyopanda. Anayefuga milimani anaweza kukaribia damu safi. Anayefuga Pwani, au bonde lolote lenye joto na unyevu, atapata usingizi mzuri zaidi akifuga chotara aliyezaliwa na mbuzi wa kienyeji.

Ukaguzi wa asubuhi

Kabla hujaweka majani, simama mlangoni utazame. Nani ameamka na nani bado amelala? Nani amejitenga? Mbuzi mzima ana masikio yenye uhai, manyoya yaliyolala na macho maangavu, na akiwa amepumzika hucheua. Asiyecheua ana jambo. Kinyesi chake ni punje kavu zilizotengana. Kikianza kugandana kama cha mbwa, au kuwa uji unaochafua mkia, andika jina lake.

Weka majani uone nani anachelewa kufika. Kisha kamua na upime maziwa. Mbuzi aliyekuwa akitoa lita moja na nusu akashuka ghafla hadi lita moja amekupa taarifa mapema kuliko dalili nyingine yoyote.

Nunua kipimajoto. Bei yake ni ndogo kuliko ya chupa moja ya dawa, na kitakuepusha na dawa nyingi usizozihitaji. Kipake mafuta kidogo, kiingize kwenye njia ya haja kubwa, subiri kisomeke. Joto la kawaida la mbuzi ni kati ya nyuzi 38.5 na 39.5 hivi, mchana wa jua kali linaweza kugusa 40 bila ugonjwa, ndiyo maana ni vizuri kupima asubuhi. Ukimpigia simu mtaalamu wa mifugo ukamwambia "ana nyuzi 41, anakohoa, hajacheua tangu jana", atakusaidia kwa haraka kuliko ukimwambia "mbuzi wangu hajisikii vizuri".

Banda: kavu, la juu, lenye hewa

Mbuzi huvumilia mengi isipokuwa kulala kwenye maji. Banda lililoinuliwa nusu mita hadi mita moja kutoka ardhini, lenye sakafu ya mabanzi au mianzi, huruhusu kinyesi na mkojo kudondoka chini, na hapo unakuwa umepunguza magonjwa matatu kwa mkupuo: minyoo, kuhara kwa watoto na kuoza kwato. Nafasi kati ya banzi na banzi iwe sentimita moja na nusu hivi. Ikizidi, miguu ya watoto itanasa na kuvunjika. Ikipungua, kinyesi hakidondoki na sakafu inageuka jaa. Kila mbuzi mkubwa apate walau mita moja na nusu za mraba, na beberu awe na chumba chake mbali na wanaokamuliwa, maana harufu yake huingia kwenye maziwa.

Kosa la kawaida nyanda za juu ni kuziba banda pande zote kwa kuogopa baridi. Mkojo hutoa hewa kali inayowasha macho na mapafu. Ukiinama hadi kimo cha mbuzi ukasikia macho yakichoma, wao wanaivuta hewa hiyo usiku kucha. Ziba upande unaopiga upepo, acha pande nyingine ziwe wazi kwa juu. Kinyesi kilicho chini ya banda kiondolewe kila wiki kipelekwe shambani au kwenye shimo la mboji, mahindi yatakushukuru.

Kwato zikaguliwe kila mwezi na kupunguzwa zinaporefuka. Mbuzi wa ndani hatembei kwenye mawe ya kuzisugua, kwa hiyo kazi hiyo ni yako na kisu chako.

Chakula na maji

Mbuzi kwa asili ni mla majani ya miti. Hupenda kula kwa kuinua shingo, na hukataa kilichokanyagwa. Hori likae kwa urefu wa kifua chake, au majani yafungwe mafungu yaning'inizwe. Mbuzi wa kilo 40 anahitaji kilo tano hadi saba za majani mabichi kwa siku, mbali na yatakayobaki. Changanya: majani ya tembo kwa ajili ya kushibisha, na lukina, kaliandra, desmodiamu, miforosadi au matembele kwa ajili ya protini. Lukina isizidi theluthi ya mlo, kwa kuwa ina sumu inayodhuru ikiwa nyingi. Anayekamuliwa aongezewe robo hadi nusu kilo ya pumba zilizochanganywa na mashudu ya alizeti, pamoja na jiwe la madini la kulamba muda wote.

Mabadiliko ya chakula yafanyike kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Mbuzi aliyezoea majani makavu akimwagiwa mikunde michanga yenye umande, upande wa kushoto wa tumbo hufura kama ngoma na anaweza kufa kabla ya adhuhuri. Wakati unamsubiri mtaalamu, msimamishe, umnyweshe mafuta ya kula yapata mililita 100 polepole, kichwa kikiwa sawa na mgongo ili yasiingie mapafuni, na umkande ubavu. Aliyevamia gunia la mahindi naye ni mgonjwa wa dharura hata kama bado anaruka.

Zipo sumu zilizo karibu na nyumba. Majani ya parachichi huua mbuzi: hudhuru moyo na kukausha kiwele. Zao hili sasa limeenea Njombe, Rungwe na Kilimanjaro, na matawi yaliyopogolewa hutupwa ovyo, kwa hiyo jihadhari. Majani ya muhogo yaanikwe hadi yakauke. Mtama mchanga unaochipua baada ya ukame usipewe kabisa, na lantana ing'olewe kwenye ua.

Kuhusu maji niseme machache tu. Maziwa kwa sehemu kubwa ni maji. Mbuzi anayekamuliwa hunywa lita tano hadi nane kwa siku, na zaidi kiangazi. Hanywi maji machafu. Atavumilia kiu, na utaona hasara kwenye chombo cha kukamulia.

Minyoo: adui anayestahili akili zaidi

Wapo minyoo wengi, lakini mmoja ndiye muuaji mkuu katika nchi zetu zenye joto na mvua. Huishi kwenye tumbo la nne na chakula chake ni damu. Minyoo elfu moja wa aina hii hunywa yapata mililita 50 kwa siku, na mbuzi wa kilo 30 ana damu lita mbili na kidogo tu. Jike mmoja hutaga maelfu ya mayai kila siku. Mayai hutoka na kinyesi, na mvua zikiwepo, ndani ya wiki moja hivi viluwiluwi vyake huwa tayari vimepanda kwenye majani kwa kufuata umande, vikingoja kuliwa. Ndiyo maana vifo huongezeka wiki chache baada ya masika au vuli kuanza.

Mnyoo huyu haleti kuhara sana, kwa hiyo anayengoja kuhara hudanganyika. Dalili yake ni weupe. Mshike mbuzi kwenye mwanga wa jua, bonyeza ukope wa juu taratibu kwa kidole gumba, shusha wa chini, utazame ngozi ya ndani. Nyekundu iliyokolea ni salama. Waridi ni onyo. Nyeupe kama karatasi ni hatari ya leo leo. Afrika Kusini walibuni kadi ya rangi tano iitwayo FAMACHA kwa ajili ya kipimo hiki, na mtaalamu wako anaweza kukufundisha kuitumia. Uvimbe laini chini ya taya unaoonekana jioni ni ishara nyingine kwamba damu imekwisha. Fahamu tu kwamba kope huonyesha upungufu wa damu, na upungufu huo huletwa pia na magonjwa ya kupe. Na minyoo wasionyonya damu huonekana kwa kuhara na kukonda.

Hapa ndipo napingana na desturi ya kuwapa wote dawa kila baada ya miezi mitatu, wawe na minyoo au wasiwe nao. Kila unapofanya hivyo unawaua minyoo dhaifu na kuwaachia banda wale sugu wazaliane. Miaka michache baadaye dawa inakuwa kama maji. Mpe anayehitaji: mwenye kope zilizofifia, anayekonda, mtoto aliyedumaa, jike aliyetoka kuzaa. Wenye kope nyekundu na mwili mzuri waache. Ukiona mbuzi yuleyule anarudi kuwa mweupe kila mara huku wenzake ni wazima, usimbakize kwa uzazi, kwani udhaifu huo hurithiwa.

Ukitoa dawa, itoe ipasavyo. Pima uzito kwa mizani ya kuning'iniza au kwa utepe wa kifua. Kukisia kwa macho humpunja mbuzi mkubwa, na dozi pungufu ndiyo shule ya minyoo sugu. Mwili wa mbuzi huondoa baadhi ya dawa upesi kuliko wa kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo kinaweza kisitoshe. Muulize mtaalamu kipimo cha mbuzi. Soma jina la kiini cha dawa kwenye chupa, usisome chapa peke yake. Madukani kuna chapa nyingi za albendazole, na anayehama kutoka chapa moja kwenda nyingine amebadilisha karatasi tu. Albendazole hiyohiyo isipewe jike katika mwezi wa kwanza wa mimba, inaweza kulemaza watoto tumboni. Na angalia muda wa kusubiri kabla ya kunywa maziwa.

Kufungia mbuzi ndani hakumalizi minyoo ikiwa majani yanakatwa alfajiri kwenye bonde ambako mifugo ya kijiji hulishwa. Kata umande ukishakauka, kata juu badala ya kukwangua ardhi, acha majani yanyauke kidogo kabla ya kulisha. Anayetaka uhakika apeleke sampuli ya kinyesi maabara kuhesabiwa mayai. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina vituo katika kanda mbalimbali.

Mimba, kuzaa na watoto

Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi. Acha kumkamua miezi miwili kabla ya kuzaa ili kiwele kipumzike. Wiki sita za mwisho ndizo watoto wanapokua kwa kasi, na tumbo lililojaa mapacha linakosa nafasi ya majani mengi, kwa hiyo ongeza pumba na mashudu taratibu. Jike mwenye mapacha akinyimwa chakula wakati huo huanza kuyeyusha mafuta yake mwenyewe, anazubaa, anakataa kula, na asipowahiwa hufa pamoja na watoto.

Mtoto akizaliwa, hakikisha anapumua, kausha, kisha chovya kitovu chote kwenye ayodini. Kitovu kibichi ni mlango wazi wa kuingilia vijidudu vinavyovimbisha viungo. Jambo la pili lisilongoja ni dang'a. Mtoto huzaliwa bila kinga na huipata kwenye maziwa hayo ya kwanza. Utumbo wake huyapokea vizuri saa chache za mwanzo na baada ya siku moja mlango huo umefungwa. Anyonye ndani ya saa ya kwanza au ya pili. Mtoto wa kilo tatu anahitaji yapata mililita 300 ndani ya siku ya kwanza. Asiyeweza kunyonya akamuliwe anyweshwe kwa chupa. Kuuza au kutupa dang'a ni kuuza uhai wa mtoto.

Kuanzia wiki ya tatu hadi mwezi wa tano adui mkubwa ni kuhara kunakotokana na vimelea vya sakafu chafu, wakati mwingine kwa damu. Watoto wakae pakavu, wasichanganywe na wakubwa muda wote, na vyombo vyao viinuliwe ili wasivikanyage. Anayehara hupoteza maji upesi, kwa hiyo mpe maji yenye chumvi na sukari huku ukitafuta tiba.

Madume watengwe wakifika miezi mitatu au minne, la sivyo watapandisha dada zao na mama zao. Mtamba asipandishwe kwa kuhesabu miezi. Angoje afike kilo 30 hivi. Beberu abadilishwe kabla hajawafikia binti zake, na wafugaji watano wa kitongoji kimoja wanaweza kumiliki mabeberu wawili kwa zamu. Angalia na pembe: ukipandisha beberu asiye na pembe kwa kuzaliwa kwa jike ambaye naye hana kwa kuzaliwa, baadhi ya watoto wanaweza kutoka huntha wasiozaa. Mmoja kati ya wazazi awe na pembe, au awe alizaliwa nazo.

Kiwele

Osha mikono, osha chuchu, kausha kwa kitambaa safi cha kila mbuzi. Matone ya kwanza yakamulie kwenye kikombe cheusi: mabonge, nyuzi, damu au maji matupu ni dalili za ugonjwa wa kiwele. Mwenye dalili akamuliwe mwisho, maziwa yake yasichanganywe. Ukimaliza chovya kila chuchu kwenye dawa, kisha mpe majani ili asimame nusu saa hivi, kwa kuwa tundu la chuchu huchelewa kujifunga na sakafu ndiyo yenye vijidudu. Kiwele kilicho cha moto na kigumu ni kazi ya mtaalamu leo. Kilichopoa na kuwa cha bluu ni kazi ya mtaalamu saa hii.

Maziwa yachemshwe. Ugonjwa wa kutupa mimba humpata binadamu kwa maziwa mabichi, na mimba iliyotupwa na mbuzi haishikwi kwa mikono mitupu.

Magonjwa ya kuja na mgeni

Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008. Huja na homa, makamasi, matongo, vidonda mdomoni na kuhara, na kondoo nao hupata. Shirika la FAO na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani wamelenga kuitokomeza ifikapo 2030, na chanjo moja humlinda mbuzi kwa walau miaka mitatu. Homa ya mapafu ya mbuzi haina vidonda wala kuhara: mbuzi hukohoa, hunyoosha shingo na kutanua miguu akitafuta hewa. Nayo ina chanjo, ambayo hurudiwa kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata ratiba ya eneo lako, mjiunge majirani, kwa sababu chupa ya chanjo ikishafunguliwa haiwekwi, nayo huwa na dozi nyingi.

Mbuzi aliyenunuliwa mnadani akae peke yake wiki tatu, na ndoo yake na mhudumu anayemhudumia mwisho. Lisipokuwepo banda la pili, mfunge upande mwingine wa nyumba. Mgeni mmoja asiyetengwa amemaliza mabanda mengi.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Andika jina la mbuzi, tarehe ya kupandishwa, kuzaa, chanjo, dawa na kipimo chake, rangi ya kope, maziwa ya kila siku. Daftari ndilo litakalokuambia nani wa kubakiza na nani wa kuuza.

Wiki hii basi, kabla ya kwenda dukani, fanya mambo matatu. Shusha kope za kila mbuzi uandike rangi zake. Ingia bandani usiku uguse sakafu kama ni kavu. Piga simu kwa afisa mifugo uulize tarehe ya chanjo. Ukishafanya hayo ndipo ujue kama una sababu ya kununua dawa, na ni dawa gani.